Ukarabati Si Msamaha

Hapa Dodoma hakuna asiyejua maana ya X nyekundu. Ukiamka asubuhi ukaikuta ukutani kwako, na pembeni yake pameandikwa BOMOA au SIMAMISHA UJENZI, huhitaji mwanasheria wa kukufafanulia. Kwa zaidi ya miaka 40 Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile CDA, ilisimamia mji huu kwa ramani na kwa rangi hiyo, mpaka Mei 2017 Rais Magufuli alipoivunja na kazi zake zikahamia manispaa. CDA ilikwenda, X ikabaki. Mama lishe akisogeza kibanda hatua mbili kuelekea barabarani anaandikiwa. Mstaafu akiongeza vyumba viwili vya wapangaji bila kibali anaandikiwa. Tukilalamika tunaambiwa sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma.

Nasoma shahada ya uzamili katika mipango miji, kwa hiyo hutarajii niichukie X, na kweli siichukii. Mji usio na masharti huwa mali ya wenye nguvu: mwenye fedha hujenga ghorofa hadi kwenye mpaka, jirani yake akakosa hewa na njia ya kupitisha jeneza. Ugomvi wangu ni na mahali ambapo msumeno huo hugoma kukata. Hugoma kwenye jengo la kale lililozungushiwa majukwaa ya mafundi. Hapo likitajwa neno moja tu, "ukarabati", kila sharti hugeuka kuwa ushauri. Anayejenga choo anadaiwa ramani. Anayefumua paa la jengo la miaka mia moja anaombewa subira kwa wananchi.

Mimi nasema ingekuwa kinyume. Katika kazi zote za ujenzi, hakuna inayostahili kusimamiwa kwa ukali zaidi kuliko ukarabati wa jengo la kihistoria. Jengo jipya likikosewa, litabomolewa na kujengwa tena kwa ramani ileile. La kale likikosewa, utakachojenga tena ni sanamu yake.

Mfano ninaoutumia kila ninapobishana na wenzangu hauko Dodoma. Uko Unguja, Mji Mkongwe, mbele ya bustani ya Forodhani. Jumba la Beit al-Ajaib lilijengwa mwaka 1883, enzi za Sultan Barghash, na lilikuwa jengo la kwanza Zanzibar kuwa na taa za umeme. Agosti 1896 manowari za Waingereza zilipoyapiga mizinga makasri ya ufukweni, majengo ya jirani yalibomoka, lenyewe likasimama. Likapita ukoloni, likapita Mapinduzi ya 1964, baadaye likawa makumbusho. Mji Mkongwe ulipoingizwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, jumba hilo ndilo lililokuwa sura yake kwenye kadi za posta. Mwaka 2012 sehemu ya baraza zake ilianguka, likafungwa kwa wageni. Kisha ukaja ukarabati mkubwa uliofadhiliwa na Oman. Tarehe 25 Desemba 2020, siku ya Krismasi, kazi ikiwa inaendelea, sehemu kubwa ya mbele iliporomoka pamoja na mnara wa saa. Wafanyakazi wawili walikufa.

Mizinga haikuliangusha. Lilianguka mikononi mwa kazi iliyokuja kuliponya.

Nilikuwa bado mwanafunzi wa shahada ya kwanza picha zilipoanza kuzunguka kwenye simu. Maoni ya watu yalikuwa yaleyale ya siku zote: ajali haina kinga, jengo lilikuwa la zamani, Mungu awarehemu. Na methali ya ufa na ukuta ikatajwa, kama inavyotajwa kila kitu kinapoanguka. Lakini methali hiyo inamlenga mtu asiyeziba ufa. Hapa ufa ulijulikana angalau miaka minane, fedha za kuuziba zilipatikana, mafundi walikuwa kazini. Walikufa wakiuziba. Kwa hiyo swali halikuwa tena kama tunaziba nyufa. Swali lilikuwa ni nani anayesimama pembeni, mwenye uwezo wa kisheria wa kusema: shusheni watu, ukuta huu hauko salama.

Wala usidhani Mji Mkongwe haukuwa na sheria. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji ilianzishwa mwaka 1985, ikatungiwa sheria 1994 na nyingine 2010. Mwenye nyumba ya kawaida katika vichochoro vile akitaka kubadilisha dirisha au kuongeza ghorofa anatakiwa kuomba kibali. Masharti yapo, na kwa mwananchi yana meno. Tatizo linaanza pale mwenye jengo anapokuwa ni Serikali, mwombaji wa kibali ni Serikali, mtoa kibali ni Serikali, mkaguzi ni mwajiriwa wa Serikali, na mfadhili ni serikali rafiki ambayo hakuna anayetaka kuiudhi. Katika mzunguko huo, ofisa mdogo mwenye daftari la ukaguzi atamsimamisha nani? Akiandika X pale, anaiandika kwenye ukuta wa mwajiri wake.

Hata pasipo kuanguka kitu, mzunguko huo hufanya kazi yake kimyakimya. Si mbali na hapo, jumba la Mambo Msiige, la karne ya 19, lilikodishwa kwa mwekezaji likawa sehemu ya hoteli ya kifahari iliyofunguliwa mwaka 2015, na jengo jipya likasimamishwa ubavuni mwake. Kamati ya Urithi wa Dunia ilieleza wasiwasi wake kuhusu mradi ule. Hoteli ilijengwa, ikafunguliwa, wageni wakaingia. Jina la jumba lenyewe lilikuwa limetuonya: msiige.

Kuna watakaosema hii ni hadithi ya uzembe wa Kiafrika. Si kweli, na ni muhimu isiwe kweli, kwa sababu tukiiita uzembe tutaishia kuhubiri maadili badala ya kurekebisha kanuni. Tazama huko ambako tunaambiwa mambo hufanywa sawasawa. Notre-Dame ya Paris iliwaka moto tarehe 15 Aprili 2019, majukwaa ya mafundi yakiwa juu ya paa kwa kazi ya ukarabati. Jengo la Mackintosh la chuo cha sanaa cha Glasgow liliungua mwaka 2014, likaanza kurejeshwa kwa uangalifu mkubwa, na Juni 2018, ukarabati ukiendelea, likaungua tena vibaya kuliko mara ya kwanza. Jengo la soko la hisa la kale la Copenhagen, la karne ya 17, liliwaka Aprili 2024 likiwa limezungukwa na majukwaa. Nchi tatu tajiri, sababu tofauti, wakati uleule: wa matengenezo.

Ukifikiria kidogo utaona kwa nini. Jengo la kale limezoea mzigo wake. Boriti zimelala mahali pake kwa miaka mia, kuta zimeegemeana, na mara nyingine kitu kinachoonekana kama uchafu, labda ukuta mwembamba uliojengwa baadaye, ndicho kinachoshikilia dari. Siku ya ukarabati unaanza kugusa. Unaondoa paa, mvua inaingia kwenye kuta za mawe na chokaa. Unafumua sakafu, kuta mbili zilizokuwa zimefungamana zinabaki kila moja peke yake. Unaleta mashine za kuchomelea karibu na mbao kavu. Unabandua lipu ya chokaa iliyokuwa inapumua unabandika saruji isiyopumua, unyevu unabaki ndani na ukuta unaoza taratibu ukiwa umependeza kwa nje. Na wakati huohuo jukumu limegawanyika: mwenye jengo anamtazama mshauri, mshauri anamtazama mkandarasi, mkandarasi anamtazama fundi, fundi anatazama saa ya kulipwa. Jengo liko hatarini kuliko siku zote, na kila mtu anaamini mwenzake ndiye anayeangalia.

Sasa turudi nyumbani, maana Dodoma tunapenda kujiona kama mji usio na historia, tambarare lililosubiri makao makuu. Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1910, na mji ukaota kandokando yake. Kabla ya hapo Wajerumani walikuwa na vituo Mpwapwa na Kilimatinde, na biashara ya misafara ilipita Ugogo kwa miongo mingi kabla ya bendera yoyote. Mwaka 1973 ukaja uamuzi wa makao makuu, ukafuata mpango mkuu wa 1976, yakafuata majengo ya miaka ya ujamaa ambayo nayo sasa yanakaribia nusu karne. Tangu wizara zihamie Mtumba na treni ya umeme ianze kubeba abiria 2024, thamani ya kila kiwanja cha katikati ya mji imepanda. Majengo ya zamani yatabomolewa au yatakarabatiwa. Hakuna njia ya tatu.

Na sheria inasemaje? Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyofanyiwa marekebisho 1979, inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Kwa kilichojengwa baada ya hapo, Waziri anaweza kukitangaza kwenye Gazeti la Serikali, akipenda. Mwaka huo unafaa kwa magofu ya Kilwa. Unafaa kwa michoro ya miambani ya Kolo kule Kondoa, ambayo iliingia Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Lakini mji wa Dodoma wote umezaliwa umechelewa. Stesheni, nyumba za reli, maduka ya kwanza ya Wahindi, makanisa ya wamisionari: vyote ni vichanga mbele ya sheria. Hata Beit al-Ajaib lenyewe, kama lingekuwa upande huu wa bahari, lingekosa umri kwa miaka 20. Afrika Kusini, kwa sheria yake ya mwaka 1999, jengo lolote lenye zaidi ya miaka 60 halibadilishwi wala kubomolewa bila kibali cha mamlaka ya urithi. Umri unahesabika wenyewe kila mwaka. Hakuna haja ya kusubiri kalamu ya waziri. Sisi tumeusimamisha wakati mwaka 1863.

Katika kazi ya darasa mwaka jana, tulikwenda watatu kuangalia jengo la enzi ya Wajerumani katika mji mdogo wa kanda hii ya kati. Sitautaja mji wala mwenye kazi. Tulikuta paa limefumuliwa. Milango ya mninga ilikuwa imeegemezwa kwenye mti, juani, bila namba yoyote ya kuonesha upi ulitoka wapi. Lipu ya zamani ilikuwa kifusi nje, na mifuko ya saruji ilikuwa imepangwa ndani. Tulimwamkia msimamizi wa mafundi, mzee mpole sana, nikamuuliza bango la mradi liko wapi.

"Kijana wangu," akasema, "bango ni la kujenga. Hapa tunakarabati."

Nikauliza kuhusu kibali. Akasema kiko ofisini. Tulipofika ofisini tukaambiwa kiko saiti. Tukauliza kama kuna michoro ya jengo lilivyokuwa kabla halijaguswa, au walau picha. Kijana wa mapokezi akacheka kwa wema, akasema picha tungeweza kuzipata kwa mpiga picha wa stendi.

Yule mzee sina la kumlaumu. Aliambiwa abandue, akabandua, na kazi yake ilikuwa safi. Waliopaswa kufika pale kabla yetu ni watu wenye mamlaka: ofisa mipango miji, mhandisi wa wilaya, mtu wa mambo ya kale, mkaguzi wa usalama wa kazi. Watu hao huwafikia wajenzi wa vibanda bila kuitwa.

Ninajua majibu, maana nimeyasikia kwenye semina na kwenye meza za chipsi. La kwanza: masharti yatachelewesha kazi, na mfadhili atakimbia. Julai 2019, miezi mitatu tu baada ya moto, kazi ya Notre-Dame ilisimamishwa kwa wiki kadhaa kwa sababu wafanyakazi hawakuwa wakilindwa ipasavyo dhidi ya vumbi la risasi. Rais wa Ufaransa alikuwa ameahidi dunia nzima miaka mitano. Mkaguzi wa kazi hakujali ahadi ya rais. Kanisa lilifunguliwa Desemba 2024. Ule usimamishaji haukuua mradi. Kule Forodhani jengo liliporomoka na watu wakafa kwa siku moja.

La pili lina uzito zaidi: kwa nini tuhangaike na kuta za wakoloni, zilizojengwa kwa viboko? Kwa sababu hiyo hiyo ya viboko. Waliobeba mawe yale hawakuachiwa majina kwenye daftari lolote tunaloweza kulifungua. Ukuta ndio stakabadhi pekee ya jasho lao. Kuubomoa ovyo, au kuupaka saruji mpaka usifanane na chochote, ni kuwafuta mara ya pili. Na kama tunataka kuzungumzia ya kwetu, tuzungumzie tembe. Tembe la Wagogo, lenye paa bapa la miti na udongo, lilikuwa jengo la kukarabatiwa daima. Kabla ya masika udongo wa juu ulitengenezwa, na ilijulikana ni udongo gani, ni kazi ya nani na nani aliangalia. Lilikuwa na kanuni zake na wasimamizi wake. Mengi yaliachwa wakati wa Operesheni Dodoma ya 1970 na 1971, watu walipohamishiwa vijijini kwa mpango mpya wa nyumba bora.  Kwa hiyo asitokee mtu kuniambia usimamizi wa ukarabati ni mambo ya kizungu.

La tatu ninalikubali nusu. Ni kweli masharti makali bila msaada huua majengo polepole: mwenye nyumba asiye na fedha akidaiwa chokaa, mbao na fundi maalumu, ataacha nyumba ianguke yenyewe, kisha auze kiwanja. Lakini jibu lake ni kupima ukali kwa uwezo. Bibi anayeishi kwenye nyumba yake ya urithi apewe fundi wa kumshauri na msamaha wa ada. Wizara, taasisi, dhehebu na mwekezaji mwenye mabilioni wapewe ukaguzi kamili. Leo tunafanya kinyume.

Ninachodai si kigumu. Kwanza, kibali cha ukarabati kiwe kibali kamili, na kisitolewe mpaka jengo limepimwa, limechorwa na kupigwa picha chumba kwa chumba, na nakala ikawekwa mahali ambapo mwananchi yeyote anaweza kuiona. Pili, mkaguzi asilipwe na mwenye kazi wala asiwe chini yake. Akatwe kutoka mfuko tofauti, na amri yake ya kusimamisha kazi ishike hata pale mwenye jengo anapokuwa ni Serikali au mgeni wa Serikali. Tatu, mwaka 1863 uondolewe kwenye sheria, jengo lihesabiwe kwa umri wake. Nne, likianguka jengo la umma, ripoti ya uchunguzi ichapishwe yote, na kwa Kiswahili, ili fundi anayefuata asome alichokosea aliyetangulia. Tume inayoripoti kwa aliyeiunda peke yake haimfundishi mtu yeyote kusimamisha jukwaa.

Haya yakisubiri Bunge, sisi tunaweza kuanza na kidogo. Wengi wenu mnaosoma hapa mmesoma, mnajua kuandika barua, na mnaishi kwenye miji yenye angalau jengo moja la zamani. Likizungushiwa majukwaa, nendeni mkaulize vitu vitatu: kibali kiko wapi, nani ndiye mkaguzi, na michoro ya jengo kabla ya kazi iko kwa nani. Ulizeni kwa adabu, mwamkieni mzee wa saiti, andikeni majibu na tarehe. Mkiambiwa kibali kiko ofisini, nendeni ofisini. Mkiambiwa kiko saiti, rudini saiti. Na kama baada ya safari hizo mbili hakuna karatasi, iandikieni halmashauri barua, nakala kwa mkuu wa wilaya, mkiuliza kwa nini X haijaandikwa pale.